Chokaa ya Kisiwani: siku tatu Kilwa na binti yangu

Ijumaa: Mbagala hadi Masoko

Basi liliondoka Mbagala alfajiri, kabla hakujapambazuka. Binti yangu yuko kidato cha pili na shule zimefungwa kwa likizo ya Juni. Kwenye daftari lake la historia Kilwa imepewa ukurasa mmoja: dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ujio wa msafiri Ibn Battuta, Wareno, kuanguka kwa dola. Mwezi uliopita alikuwa anajisomea sebuleni akaniuliza, "Baba, haya majumba ya mawe waliyajengaje na saruji haikuwepo?" Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa kumi na nane huu nashika mwiko. Nilimjibu, "Kwa chokaa." Akauliza, "Chokaa gani?" Hapo nikanyamaza, maana chokaa ninayoijua mimi ni ile ya mfuko, ya kupaka ukuta uwe mweupe. Nikajibana wiki kadhaa, nikampigia simu jamaa yangu wa mji wa Kilwa Masoko atutafutie chumba, tukafunga safari.

Barabara ya kusini naijua mpaka Mkuranga, kwa sababu nimejenga huko. Kuanzia hapo nilikuwa mgeni sawa na mwanangu. Tulipita Kibiti, tukapita Ikwiriri, tukafika daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Watu wazima ndani ya basi wakaanza kukumbushana enzi za kivuko, magari yalivyokuwa yakilala foleni ukingoni mto ukifurika, mama wajawazito na wagonjwa wakiwa humo humo. Kijana aliyekaa mbele yetu hakuamini. Somanga basi likapunguza mwendo na wachuuzi wakatujia madirishani na samaki wa kukaanga. Hapa ndipo mvua za mwaka 2024 zilipoikata barabara, kusini yote ikawa haifikiki kwa gari.

Nangurukuru tukakunja kushoto kuelekea baharini, na adhana ya Ijumaa ilitukuta tunashuka Masoko.

Mchana tulikwenda kufuata kibali. Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu, hakuendwi hivi hivi: unalipa Masoko, unapewa risiti na mwongozaji. Wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Kisiwani hasa. Alituonyesha ratiba ya siku moja iliyochapwa kwenye karatasi: asubuhi magofu, mchana kijiji cha asili, jioni kurudi. Kijiji kimetengewa saa moja. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi ni fundi. Kama kuna mzee huko anayejua kupika chokaa, nipeleke kwake, hata kama tutakosa vingine." Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Akasema, "Mzee, basi kesho tuvuke saa moja. Ni bamvua, ikifika saa tano maji yote yameshakupwa."

Jumamosi: Kisiwani

Tulivuka kwa mashua ya tanga pamoja na wanakijiji waliotoka kununua mahitaji Masoko. Kulikuwa na viroba viwili vya unga, mabati, na kuku watatu waliofungwa miguu. Kusi lilikuwa linavuma, maji yanaruka mpaka tulipokaa, na binti yangu ameficha daftari ndani ya kanga. Nahodha alimwambia, "Usiogope mjukuu wangu, huu ni mkondo tu, bahari yenyewe iko kule nje." Ukiwa majini, kitu cha kwanza kukiona ni ngome iitwayo Gereza, limekaa ufukweni kabisa, na mawimbi yameshakula sehemu ya kuta zake.

Neno gereza lenyewe linatokana na neno la Wareno la kanisa. Waliingia hapa kwa nguvu Julai 1505 chini ya Francisco d'Almeida, wakapora mji, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Ngome inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wakati wa Waomani, karibu na mwaka 1800. Ni ya mraba, ina minara miwili kwenye pembe zinazotazamana, na mlango wa mbao uliochongwa. Nililizunguka kwa haraka, macho yangu yalikuwa mbele.

Msikiti Mkuu nitaueleza taratibu.

Unapita chini ya miti, unatokea uwazini, na ule msitu wa nguzo uko mbele yako. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au ya 12, na haina paa. Ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na hiyo ndiyo yenye matao na kuba. Kijana wetu alieleza jambo lililonifanya nikae chini. Nguzo za kwanza za upanuzi ule zilikuwa za tumbawe zima, kila moja imechongwa kwa jiwe moja. Zilikuwa nzuri kupita kiasi, lakini hazikustahimili, paa likaporomoka. Ikabidi karne ya 15 mafundi wengine waje wajenge upya, safari hii kwa nguzo nene za mawe na chokaa, zenye pande nane. Hizo ndizo zimesimama mpaka leo.

Nilifikiria mafundi wale wa pili. Wamekuta kazi ya mkubwa wao imeanguka, waumini wanasali nje, na wao ndio wanaambiwa wainue paa lile lile mahali pale pale. Mtu aliyewahi kuitwa kurekebisha jengo lililomshinda mwenzake anaijua hofu hiyo. Nilikuwa nimebeba timazi kwenye begi, ule uzi wenye risasi wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Nikaomba ruhusa, nikaushusha uzi kando ya nguzo moja bila kuigusa, nikasubiri risasi itulie. Uzi na ukingo wa nguzo vilikwenda sambamba kutoka juu hadi chini. Miaka mia sita! Nikamwita binti yangu aje aangalie kwa jicho lake. Aliangalia, akazunguka upande wa pili akaangalia tena, ndipo akaandika.

Ni hapa hapa, au mahali padogo tu kutoka hapa, ndipo Ibn Battuta alipomwona huyo huyo Sultani al-Hasan mwaka 1331. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana. Msafiri yule ameandika kwamba watu wengi wa mji huu walikuwa weusi sana, wenye chale usoni, na kwamba siku moja sultani akitoka kusali Ijumaa fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akaona nguo za baba yake zisitoke hivyo, akazikomboa kwa yule fakiri kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu mwanawe, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kijana alisimulia vizuri, na nilikuwa natabasamu. Binti yangu akauliza, "Kaka, na wale watumwa kumi walikuwa watu wa wapi?"

Hakumpiga chenga. Akasema, "Watu wa bara, mdogo wangu. Watu kama mimi na wewe." Kisha akamweleza kwamba mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apate watumwa 1000 kila mwaka, na kwamba karne iliyofuata biashara hiyo ikahamia ng'ambo, Kilwa Kivinje, ikawa kubwa zaidi. Tulikaa kimya kidogo. Nimeupenda msikiti ule kuliko jengo lolote nililowahi kuliona, na bado nadhani swali la mtoto lilistahili kuulizwa palepale, chini ya zile kuba, si nje.

Msikiti mdogo wa kuba uko karibu tu. Mafundi wake walipachika bakuli za kigeni zenye kung'aa kwenye dari, juu kabisa, ambako huwezi kuzifikia kwa mkono. Nyingi zimetoka zikaacha vishimo vya duara. Njiani kuelekea Husuni Kubwa, jumba la sultani, tulipita ufukweni, na vipande vya vyombo vimetapakaa mchangani: vya udongo wa hapa, vya Uajemi, vya Uchina vyenye rangi ya kijani kama maji ya mkoko. Binti yangu aliokota kimoja kilicholingana na kucha ya dole gumba. Kijana akamwambia akitazame anavyotaka, halafu akirudishe pale pale. Akamweleza sababu. Sarafu ya Kilwa imewahi kuchimbuliwa Zimbabwe Kuu, na kwa kuwa waliochimba walijua imetoka mahali gani, ikawa ushahidi wa biashara ya dhahabu iliyopita Sofala kuja hapa. Ikishatiwa mfukoni inabaki kipande cha shaba tu. Mtoto akainama, akatafuta alama ya kidole chake kwenye mchanga, akakiweka.

Husuni Kubwa iko juu ya jabali linalotazama bahari, ni mwendo kidogo kwa miguu, kupita mibuyu na mashamba ya mihogo. Al-Hasan huyo huyo ndiye aliyeijenga. Vipande vya maandishi yenye jina lake vimepatikana humu. Vyumba vinazidi mia moja. Kuna uwanja mkubwa wa kusini uliozungukwa na vyumba vidogo vidogo, vinavyodhaniwa kuwa vilikuwa bohari. Nilianza kuvipima vyumba kwa hatua. Virefu vinakwenda, lakini upana ni ule ule, hatua tatu, hatua tatu, hatua tatu. Nikamuuliza binti yangu kwa nini tajiri wa kiasi hiki ajenge vyumba vyembamba namna hii. Hakujua. Nikamwonyesha mikoko kule chini. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko inayobeba dari nzito ya mawe na chokaa haivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi. Mti ndio uliompangia sultani upana wa chumba. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo unatafuta kuba na tao, na ndivyo walivyofanya kule msikitini.

Halafu kuna lile bwawa la kuogea, la pembe nane. Nilisimama pale muda mrefu. Kupanga pembe nane zilizo sawa si mchezo, na hapa hakukuwa na karatasi ya mchoro kutoka ofisini. Nikavunja vijiti vinne, nikatoa uzi wa timazi, tukatoka nje ya kuta, mimi na mwanangu tukachora mraba ardhini. Unapima kutoka kona moja hadi kona ya pili kwa ulalo, unakunja uzi katikati upate nusu yake. Nusu hiyo unaipeleka kutoka kila kona, kushoto na kulia, unatia alama kwenye ubavu wa mraba. Zinapatikana alama nane. Unaziunga. Alipounga ya mwisho alipiga kelele ya furaha mpaka kijana akaja mbio. Sijui kama wao walitumia njia hii, ila fundi aliyenifundisha mimi aliipata kwa fundi wake, na huyo kwa wake.

Jua lilikuwa limepanda tuliporudi kijijini. Nyumba nyingi ni za miti na udongo, nyingine mawe, mapaa ya makuti na ya bati. Njia ya kuingia inapita katikati ya kuta za zamani, na mbuzi wamepumzika kwenye kivuli chake. Hakuna mahali unapoweza kusema magofu yameishia hapa, kijiji kimeanzia hapa. Tulikuta kisima kilichojengewa kwa mawe ya matumbawe tangu zamani, na wasichana wawili wanachota. Midomo ya mawe imelika, ina mifereji laini iliyochimbwa na kamba. Nilitia kidole kwenye mfereji mmoja ukazama mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Msichana mmoja akateremsha ndoo yake na kamba ikakaa ndani ya mfereji ule ule.

Wanawake walikuwa wanarudi kutoka mwambani na fimbo zao na pweza kwenye vikapu. Kijana alitupeleka kwa bibi yake. Nikapiga hodi. "Karibuni mpite." Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akajibu, "Marahaba wanangu, mmetoka mbali," akamvuta binti yangu kwenye mkeka bila kumuuliza kitu, akampa fungu la miyaa asuke ukili. Baadaye nilimsikia akimtuma mjukuu wake: "Nenda kawatoe mbuzi kwenye ukuta wa mababu, watapanda juu." Alisema hivyo kama mtu mwingine anavyosema jikoni au uani.

Chakula kilikuwa wali na pweza wa nazi, pweza amepigwa vizuri mpaka akalainika. Nilikula sahani mbili. Binti yangu alibaki na wasichana kwenye ukili, mimi nikaondoka na kijana kwenda kwa mzee.

Mzee tulimkuta chini ya mwembe, ana mwiko wa zamani uliolika ukawa kama jani. Nilipojitambulisha kazi yangu akacheka akaninyooshea mkono: "Fundi mwenzangu! Kaa basi." Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa inazila kuta na mizizi inazipasua, na mwaka 2014 vikaondolewa kwenye orodha hiyo baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mzee alikuwa miongoni mwa walioshika mwiko miaka hiyo. Kupika chokaa alijifunza kwa baba yake, muda mrefu kabla ya ukarabati.

Nilimweleza jambo ambalo sijawahi kumweleza fundi mwingine. Miaka ya nyuma niliitwa Bagamoyo kwenye nyumba ya zamani ya mawe, lipu yake imechakaa. Nikaibandua yote, nikapiga lipu ya saruji, safi, imenyooka, mwenye nyumba akafurahi akanilipa. Masika mawili baadaye ikaanza kuvimba. Ilipodondoka ilidondoka na uso wa jiwe lenyewe, ukuta ukabaki kama kidonda. Nilidhani mchanga ulikuwa na kasoro.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mchanga hauna kosa. Jiwe letu hili limetoka baharini, lina matundu, linanywa maji na linayatoa. Chokaa inayaachia yapite. Saruji umelifunga mdomo. Sasa maji na chumvi vitatokea wapi? Vinasukuma." Akachukua kipande cha tumbawe kilichokuwa karibu na mguu wake, akakimwagia maji ya kunywa kutoka kwenye kopo. Maji yakapotea ndani. Akakiweka juu ya jiwe kavu lililopigwa na jua, na tulipoendelea kuzungumza lile jiwe la chini likaanza kuwa na unyevu. "Umeona anavyohema," akasema.

Kisha akanieleza upishi wake, nami nikauandika wote. Mawe ya kujengea kuta ni ya nchi kavu, matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Tumbawe bichi la baharini, lenye chembe laini, lilitumika zamani kuchonga vibla na vizingiti vya milango, kwa sababu likitoka majini linakatika kirahisi na likikauka linakuwa gumu. Kupika chokaa unapanga magogo kwa duara, kitako cha chini kipana, unaacha tundu katikati. Juu unapanga vipande vya mawe. Moto unatiwa kupitia lile tundu, uwake kutoka ndani kwenda nje, usiku kucha. Ukizimika unabaki na mawe meupe mepesi. Ukiyashika unashangaa uzito umekwenda wapi. Hayo ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe bila moto, yanapasuka, yanakuwa unga, ukiongeza maji yanakuwa uji. Uji huo unachujwa, unatiwa shimoni, unafunikwa usipigwe na hewa. Unakaa miezi. Ukikaa zaidi ndivyo unavyozidi kulainika. Kujengea ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga uwe wa shimoni, usiwe wa ufukweni, chumvi itakufuata.

Akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya nyumba. Aliondoa makuti, akaondoa magunia yaliyolowa, akaingiza mwiko. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama maziwa ya mgando, kizito, kinang'aa. Akaugeuza mwiko juu chini. Haikudondoka. Akanipa mimi niushike, nikaugeuza na mimi, nikausubiri. Haikudondoka. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilijifunza kitu kipya kwenye kazi yangu na sikukumbuka.

Aliniambia vijana wa kijijini wanataka tofali za saruji, na hawalaumu, kwa sababu nani atasubiri shimo miezi kadhaa na mke anataka nyumba? Kinachomkera ni wageni wanaofika kwake saa nane mchana wamechoka na jua, wanapiga picha mbili za mlango, wanauliza mashua iko wapi. "Wanakwenda kuuliza kuta," akasema, "na sisi tunaoziponya tuko hapa." Kijana wetu aliangalia chini. Maneno ya mzee yalinikumbusha ile ratiba ya kijana, na nadhani yeye pia aliikumbuka. Maoni yangu ni haya: anayekuja Kilwa aanze kijijini asubuhi akiwa na nguvu, anywe chai kwa watu, ndipo akatazame msikiti. Ataona nguzo zile kwa jicho tofauti kabisa.

Tuliondoka kisiwani saa kumi na moja kasoro, maji yamejaa tena. Mzee alinipa kopo la rangi la lita nne, limejaa chokaa yake, juu ametandaza kitambaa kilicholowa. Nilitaka kumlipa akakataa. Nikamwachia timazi yangu.

Jumapili: Kivinje, kisha nyumbani

Asubuhi tulipitia Kilwa Kivinje kabla ya kupanda basi Nangurukuru. Tulikaa saa mbili tu. Ni mji wa karne ya 19, na huu ndio ule wa biashara ya watumwa tuliousikia jana. Wajerumani nao waliweka boma lao hapa, na wapiganaji wa Maji Maji walinyongwa hapa, kwenye mwembe unaoitwa Mwembe Kinyonga. Binti yangu alikuwa na maswali mengi, ila pale hakuuliza hata moja.

Kwenye mtaa wa nyuma kuna majumba ya zamani ya mawe, mengine yanakaliwa, mengine yameanguka paa. Moja lilikuwa limekarabatiwa si muda mrefu. Lipu yake ni ya kijivu, imenyooka, kona zimepigwa vizuri, kazi ya fundi anayejua mkono wake. Sehemu ya chini, karibu na ardhi, imeanza kuvimba. Niligonga kwa kifundo cha kidole na ikalia tupu. Binti yangu aligonga na yeye.

"Baba, hii itadondoka?"

"Masika ijayo, au ile nyingine."

"Umwambie mwenyewe."

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, anapepeta mchele barazani. Nilimwamkia, nikajieleza, nikaogopa kuonekana fundi anayetafuta kazi. Alinisikiliza huku anapepeta. Nilimweleza habari ya jiwe linalohema, nikamwambia Kisiwani yuko mzee anayeweza kumfundisha fundi wake. Akaniuliza jina la mzee, nikampa, akaagiza mtoto amletee kalamu, akaliandika kwenye ukingo wa ungo.

Kwenye basi utingo alitaka kopo letu likae kwenye buti pamoja na mizigo mingine. Binti yangu alikataa kata kata. Alilipakata kutoka Nangurukuru, na kila basi liliposimama alifungua chupa yake ya maji akakilowesha kitambaa kidogo ili chokaa isipigwe na hewa. Somanga nilimnunulia samaki akala kwa mkono mmoja. Darajani Rufiji alikuwa amelala, kichwa begani kwangu, kopo katikati ya magoti.

Tuliingia Mbagala saa tatu usiku. Mama yake alitupokea kituoni, akalipokea kopo, likamlemea, akauliza tumebeba nini.

"Usilifungue mama," binti yangu akasema. "Kwanza tunachimba shimo."